Visanduku vya Saa Kumi na Moja

Latai alipoingia kwa mlango wa mbele, Manase alitoka kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa hivyo kila jioni, na hakuna aliyegeuka kutazama. Kwa mila ya kisiwa chao, kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawakai chumba kimoja. Kaka hujiondoa taratibu, akaenda kuangalia nguruwe hata kama nguruwe wameshakula. Siku hiyo Manase alitoka na kikombe chake cha chai, akamalizia kuinywa akiwa amesimama karibu na zizi.

"Mwanangu yuko wapi?" Latai aliuliza, ingawa alikuwa anamwona.

"Yupo, wifi. Karibu ukae. Ametoka kuoga sasa hivi," alisema Telesia.

Fotu alikuwa kwenye kiti chake cha mbao, kile alichotengenezewa na baba yake, chenye kibao mbele na mkanda wa kifuani. Alikuwa na miaka saba. Hakusema, hakutembea, na macho yake yalipata mwanga na vivuli zaidi ya nyuso za watu. Lakini alimjua shangazi yake kwa hatua zake, na kwa mchakacho wa mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni juu ya nguo. Alipousikia, alicheka kicheko chake cha puani. Halafu akauinua mkono wa kushoto, akautia kinywani na kuuma.

Hakuuma kama mtoto anayecheza. Aliuma palepale kila siku, chini ya kidole gumba, mahali ambapo ngozi ilikuwa imekomaa kama ya kisigino. Alikaza taya mpaka kichwa kikatetemeka.

Telesia alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja na dakika kumi. Kwenye mlango wa friji palikuwa na karatasi yenye visanduku, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Visanduku vilipangwa kwa safu nne: saa ngapi, nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na nini kilifuata. Alijaza safu tatu za kwanza.

"Huyu ana njaa," alisema Latai. "Mnamshindisha na njaa humu ndani?"

"Amekula, wifi. Amekula muhogo na samaki, akamaliza."

"Basi ana kiu."

"Tunangoja aguse kikombe. Akigusa kikombe, tunampa. Kule kituoni wamesema..."

"Nani amesema?"

Telesia alimmiminia wifi yake chai. Latai alifungua mkoba wake, akatoa biskuti, akaichovya kwenye chai na kuiweka mdomoni mwa mtoto. Ili apate kula, Fotu aliuachia mkono. Alama za meno zilikuwa nyekundu na zenye unyevu. Latai alizifuta kwa kidole chake.

"Unaona? Ameacha," alisema. Hakusema kwa kujivuna. Alisema kama mtu aliyetua mzigo.

Telesia alirudi kwenye friji. Safu ya nne ilikuwa inamngoja. Kuandika kwamba shangazi alimpa biskuti ilikuwa ni kuandika, kwenye karatasi itakayosomwa na mgeni, kwamba mtu mkubwa kuliko wote kwa mtoto huyu ndiye aliyekosea. Kwa mila yao shangazi, dada wa baba, ni mkubwa kuliko baba, kuliko mama. Jina lenyewe la Fotu, ni Latai aliyelitoa. Telesia aliishika penseli kwa muda, kisha akaiachia ining'inie kwenye uzi wake.

Kisanduku kilibaki kitupu, kama cha jana yake, na cha juzi yake.

*

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa zamani nyuma ya kanisa, ambako kituo cha watoto kilipewa vyumba viwili. Walezi walikuwa sita, wote wanawake, na Telesia alikuwa mmoja wao kabla hata mwanawe hajaanza kwenda pale. Mwalimu wao, Robyn Teague, alitoka Toowoomba, Australia. Alikuwa mrefu, na pua yake ilibabuka kwa jua siku ya kwanza na haikupona tena. Kwa heshima alijifunga kitambaa kirefu kiunoni kama wenyeji, na kwa wiki tano kitambaa kile kilikuwa kikimlegea akifundisha.

"Leo Kalolaine ni mtoto," alisema. "Telesia ni mlezi."

"Mimi?" Kalolaine alikuwa mwanamke mnene kuliko wote pale. Alikitazama kile kiti kidogo. "Kikivunjika nani analipa?"

"Mtoto hasemi," walimkumbusha wenzake.

"Huyu wa leo anasema."

Alikaa, kiti kikalalamika, kikastahimili. Kisha akaanza kuuma mkono wake kwa bidii, akitoa mlio na mate, mpaka wenzake wakaegemeana kwa kicheko. Telesia naye akashindwa kujizuia.

"Usicheke," Robyn alimwambia kwa upole. "Uso wako ni tuzo. Kicheko ni tuzo. Hata kufoka ni tuzo, kwa mtoto ambaye siku nzima hakuna aliyemtazama."

"Basi nitazame wapi?"

"Tazama kikombe. Akiuma, wewe ni ukuta. Akigusa kikombe, hapohapo mpe anywe, na umsifu."

"Mume wangu mimi nikimfanyia ukuta analala," alisema Kalolaine, mkono ungali mdomoni. "Hajifunzi kitu."

Robyn alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa mzuri wa kusubiri. Kisha akawaonyesha tena jinsi ya kusaidia mkono wa mtoto. Wiki ya kwanza unaweka mkono wako juu ya mkono wake, mnakwenda pamoja mpaka kwenye kikombe. Akizoea, unashika kifundo tu. Akizoea tena, unagusa kiwiko kwa kidole kimoja. Mwisho unaondoa kidole. "Msaada mzuri ni ule unaopungua," alisema, na walezi wakaandika kwenye madaftari yao.

Kwa kuwa Telesia ni mama, Robyn alimkabidhi Fotu kwa Kalolaine. Pale kituoni mambo yalikwenda. Kwenye kikombe walitia 'otai, kinywaji cha tikiti na tui la nazi, na Fotu alikipenda mpaka miguu ikimcheza. Wiki ya kwanza aliuma mara kumi na mbili kwa siku. Wiki ya tano, mara mbili. Kidole kimoja cha Kalolaine kwenye kiwiko kilitosha, na mkono ulikwenda wenyewe ukagusa kikombe.

Jumatatu ya wiki hiyo ya tano Robyn alizitandaza karatasi za nyumbani juu ya meza, moja baada ya nyingine, akakaa akizitazama.

"Sielewi," alisema. "Hapa anashuka. Nyumbani anapanda. Alianza na mara nane, sasa kumi na tisa. Na nyingi huanzia saa ileile, kumi na moja jioni. Na safu ya nne, saa hiyo, haina kitu." Aliinua macho. "Telesia, saa kumi na moja kuna nini nyumbani?"

Walezi wote waliangalia chini. Kalolaine akaanza kuchomoa unyuzi kwenye mkeka. Kila mmoja wao alikuwa na wifi, na kila mmoja alikuwa shangazi wa mtoto wa mtu.

"Ni jioni," alisema Telesia.

"Na jioni kuna nini?"

"Jua linashuka."

Robyn aliliandika jambo hilo kwenye daftari lake, akalipigia mstari. Kisha akafungua mfuko wake akatoa kitu cha turubai la buluu, akakiweka kando ya karatasi. Ilikuwa mikono miwili mifupi ya kuvalishwa mtoto, yenye vijiti vilivyoshonewa ndani.

"Haya ni mabanzi," alisema. "Akivalishwa, viwiko havikunji. Sipendi kuyatumia. Lakini jeraha limefunguka mara mbili mwezi huu, na daktari amesema likifika mfupani atapoteza kidole, pengine zaidi. Ijumaa tutaangalia tena. Kama nyumbani hapajashuka, itabidi tuyavalishe."

Telesia aliyashika. Kazi ilikuwa nzuri, mishono imerudiwa. "Akivaa haya, hataweza kuuma," alisema.

"Hataweza."

"Wala kugusa kikombe."

Robyn aliyatazama mabanzi. "Wala kikombe," alisema.

*

Jumatano asubuhi Robyn alileta kitambaa cheusi, kizito. Alikuwa amelifikiria lile jua. Alisema watoto wengine huumizwa macho na mwanga wa jioni, na kwa Fotu ambaye huona mwanga tu, huenda ndiyo sababu yenyewe. "Kitundike dirishani saa kumi. Tuone."

Telesia alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alikuwa ameshasema jua, na hakuona namna ya kulirudisha. Saa kumi alikitundika kwenye dirisha la mbele.

Saa kumi na robo jirani aliingia uani, amevaa nguo nyeusi na mkeka mkubwa uliochakaa kiunoni, nyuma yake binti amebeba sufuria ya majimbi. Alikuwa analia tayari.

"Ni yule mtoto?" aliuliza. "Masikini, ni yule mtoto?"

"Hakuna msiba," alisema Telesia.

"Mmetundika cheusi."

"Ni kwa ajili ya jua."

Jirani alilitazama dirisha, akamtazama Telesia, akaacha kulia. "Jua," alisema. Walisimama hivyo, hakuna aliyejua la kufanya na majimbi. Mwishowe jirani akayaacha, kwa sababu chakula kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani. Kabla Telesia hajakifikia kitambaa, wengine wawili walikuwa wamesimama barabarani wameinamisha vichwa. Manase alikuja mbio kutoka shambani, uso umempauka, kwa kuwa alikuwa ameambiwa njiani. Alikichana kitambaa kukitoa dirishani.

Saa kumi na moja Latai alikuja kama kawaida. Fotu aliuma, akapewa biskuti. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilishuka lilivyopenda.

Baadaye, wakimenya muhogo jikoni, Telesia alimwambia mumewe habari za mabanzi. Alikuwa amekaa nazo tangu Jumatatu.

"Mwambie wewe," alisema. "Ni dada yako."

"Nimwambie nini? Dada, usimpe mwanao biskuti?" Manase alilaza kisu chini. "Kwa kinywa kipi? Hata akiwa anapita uani mimi naangalia pembeni."

"Basi nimwambie mimi?"

"Wewe?" Alitaka kucheka, akaacha. "Ulishawahi kumjibu. Mara moja."

Telesia aliacha kumenya. Mara hiyo moja waligombana kwa sababu ya mkeka, wakati Telesia ana mimba ya miezi sita. Baada ya Fotu kuzaliwa vile, watu waliihesabu ile miezi wenyewe, kwa kuwa husemwa hasira ya shangazi humpata mtoto tumboni.

"Sikuwa na maana hiyo," alisema Manase.

"Najua hukuwa na maana hiyo."

Wakamenya tena. "Huyo mgeni je?" aliuliza Manase. "Yeye haimhusu miiko yetu. Aje amwambie."

"Akija akamwambia, aibu itakuwa ya nani?"

Alifikiri. "Yetu."

"Eh."

"Mchungaji, basi."

"Latai ndiye anayemwandikia mchungaji ripoti zake," alisema Telesia.

Manase aliokota kisu. Alikuwa fundi mzuri, amezoea vitu vyenye kiungo na msumari. Aliugeuza muhogo mkononi kama anatafuta pa kuanzia. "Kwa hiyo mtoto afungwe mikono kwa sababu hatujui pa kusemea," alisema.

Telesia aliendelea kumenya. Jibu lingekuwa ndiyo, na hakutaka iwe yeye aliyelisema.

*

Alhamisi Latai aliwahi. Telesia alikuwa nje akianua nguo. Aliporudi na beseni alimkuta wifi yake amesimama mbele ya friji, miwani puani, anasoma. Latai alisoma jinsi alivyosoma daftari la kanisa, kwa kidole, akishuka mstari kwa mstari.

"Saa moja asubuhi," alisoma. "Aliuma. 'Baba aliendelea kumvalisha shati.' Saa saba mchana. Aliuma. 'Mama hakufanya kitu.' Saa kumi na moja jioni. Aliuma." Kidole kilisimama. "Hapa mbona hapana kitu?"

Telesia aliliweka beseni chini.

"Kesho yake, hapana kitu. Kesho kutwa, hapana." Alifunua karatasi ya juu, akatazama ya chini yake, na ya chini ya hiyo. "Wiki tano, Telesia. Saa kumi na moja mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa, wifi."

"Nilikuwa hapa. Miaka kumi na minane naandika daftari la kanisa. Unajua nafasi tupu kwenye daftari langu ni ya nani? Ni ya aliyekufa, au aliyehama bila kuaga. Mimi ni yupi hapo?"

Telesia alikaa mkekani ili asiwe juu yake, miguu ameikunja upande mmoja. Aliongea akiangalia mikono yake. Alisema kila Fotu anapouma, akipata kitu, anajifunza kwamba kuuma ndiko kunakoleta. Kikombe kinaleta, lakini kuuma kunaleta haraka zaidi. Akaeleza habari za jeraha, za mfupa, za Ijumaa ambayo ni kesho, za mikono ya turubai yenye vijiti ndani. Neno biskuti alilitaja mara moja tu, kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Latai.

"Sikuandika hivyo."

"Ndiyo maana nakuuliza kwa nini hukuandika."

Kwenye kiti Fotu aliuinua mkono. Wote wawili walimwona. Meno yalishuka. Mkono wa Latai ulikwenda kwenye mkoba, ukafika kwenye kifungo, ukakaa hapo.

"Watu walisema ni kinywa changu," alisema. Alikuwa haongei na Telesia hasa. "Unafikiri sikusikia? Nilikasirika siku moja, kwa sababu ya mkeka. Siku moja. Kila nikimwona anajitafuna, nasikia maneno yao. Nampa kitu ili aache. Akiacha, napumua." Alivua miwani, akaivaa tena. "Ni mimi ninayepumua."

Telesia aliinua macho. Kwa miaka saba alidhani maneno yale ya watu yalimlenga yeye peke yake. Hakujua sasa afurahi au amhurumie nani.

"Chukua penseli," alisema Latai. "Andika."

"Wifi, mwalimu alisema tusiandike baadaye. Tuandike papo hapo."

"Papo hapo uliniacha. Sasa andika."

Na akaanza. Kumbukumbu yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuhesabu waumini bila kuinua kichwa. Jumatatu, biskuti. Jumapili baada ya ibada, kipande cha keki ya mke wa mchungaji, na maji. Jumapili baada ya ibada, kipande cha keki ya mke wa mchungaji, na maji. Alirudi nyuma siku kwa siku, na pale asipokumbuka alisema hakumbuki, akataka iandikwe hivyo. Telesia aliandika mpaka ncha ya penseli ikawa butu, akaichonga kwa kisu cha jikoni, akaendelea.

"Imebaki jana," alisema Latai. "Siku ya kile kitambaa chenu cha msiba. Biskuti."

Telesia aliandika: biskuti moja.

"Mbili," alisema Latai. "Andika mbili."

*

Ijumaa Robyn alisoma karatasi zote mara mbili. Mabanzi yalikuwa mezani, yamekunjwa.

"Shangazi," alisema. "Shangazi, shangazi, shangazi. Huyu ni nani?"

Telesia aligeuka kumtazama Kalolaine. Kalolaine ndiye aliyejibu.

"Robyn, tuseme jaji amekuja kula kwako. Utamwambia anashika kijiko vibaya?"

"Kama kijiko kinamuumiza mtoto wangu, ndiyo."

"Basi wewe ni shujaa," alisema Kalolaine. "Sisi tunaishi na jaji mpaka tunakufa, na ndiye anayetuzika."

Robyn hakucheka. "Nilikuuliza, Telesia. Mbele ya wote nilikuuliza saa kumi na moja kuna nini."

"Uliniuliza mbele ya wote," alisema Telesia.

Robyn alifikiri juu ya hilo. Aliinamisha kichwa na pua yake iliyobabuka. "Na mimi nikakuletea pazia," alisema.

"Jirani alituletea majimbi."

Wenzao walicheka, na baada ya muda Robyn naye akacheka, ingawa habari za majimbi ilibidi aelezwe. Kisha akazirudia karatasi.

"Hizi zimeandikwa baadaye. Kwa kanuni ningezikataa. Lakini tazameni." Aliziweka karatasi za kituoni upande mmoja, za nyumbani upande wa pili. "Nilikuwa nimeshaandika kwamba mtoto huyu njia hii haimfai. Kumbe imemfaa mno. Hapa amejifunza kwamba kikombe kinaleta. Kule amejifunza kwamba meno yanaleta. Amejifunza vyote viwili, na hakuna hata kimoja alichokosea. Ni sisi tuliomfundisha hivyo."

Aliyachukua mabanzi, akayaviringisha. Hakuyarudisha mfukoni. Aliyaweka dirishani, mahali pa kuonekana.

"Siku kumi na nne," alisema. "Nitakuwa nimerudi kwetu, mtanitumia picha ya karatasi kila jioni. Jeraha lifungwe, na juu yake mumvalishe hii." Aliwapa soksi nene ya sponji, iliyokatwa ncha. "Meno yasifike kwenye nyama. Na jambo moja la mwisho. Akikosa biskuti, hataacha. Ataongeza. Atauma mara ishirini, thelathini, kwa sababu jana ilifanya kazi na leo haelewi. Mkivumilia mara ishirini na tisa, mkampa kwenye ya thelathini, mtakuwa mmemfundisha kuuma mara thelathini."

"Na kama hatuwezi kuvumilia?" aliuliza Telesia.

Robyn alitazama dirishani yalipo mabanzi.

*

Jioni hiyo Latai alikuja bila mkoba. Manase alitoka kwa mlango wa nyuma, lakini zizini hakufika. Alisimama nyuma ya ukuta wa jikoni, chini ya dirisha la vioo vya kufunguka, ambako angeweza kusikia na asionekane.

Latai alikaa mbele ya kiti, kikombe cha 'otai kikiwa juu ya kibao kati yake na mtoto. Telesia alikaa pembeni na karatasi gotini. Fotu alisikia mchakacho wa mkeka, akacheka kwa pua, akauinua mkono uliovishwa sponji na kuuma.

"Moja," alisema Telesia.

Fotu alingoja. Aligeuza uso kufuata sauti ya shangazi yake, na haikuja sauti. Akauma tena. Kufikia ya sita alikuwa anapiga mlio. Kufikia ya kumi alikuwa amelowa jasho, na alikuwa anaacha katikati, anasikiliza, anauma tena. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta mlango umehamishwa.

Latai alitazama kikombe. Machozi yalimshuka, hakuyafuta, kwa sababu aliambiwa awe ukuta na hakujua kama ukuta unaruhusiwa kujifuta.

"Kumi na sita," alisema Telesia.

Kwenye ya kumi na saba mkono wa Latai uliingia kwenye mfuko wa gauni. Palikuwa na biskuti mle. Mkono ulitoka nayo, ukainuka.

Telesia hakufikiri. Kama angefikiri asingefanya. Alinyoosha kidole kimoja, akakigusisha kwenye kiwiko cha wifi yake. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumgusa, ila kwa busu la shavuni siku za sikukuu. Kidole hakikusukuma. Kilikaa tu pale.

Latai alikitazama kile kidole.

"Unanifundisha mimi?" aliuliza.

"Ndiyo, wifi."

Nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, Manase hakupumua. Mtoto aliuma. Hakuna aliyehesabu.

"Huyo mwalimu alisema kidole kinakaa mpaka lini?"

"Mpaka kisihitajike."

Latai aliishusha biskuti, polepole, mpaka gotini. Kidole cha Telesia kilishuka na mkono ule. Wakabaki hivyo. Fotu aliuma tena, si kwa nguvu, halafu mkono ukamtoka kinywani na kuangukia juu ya kibao, shubiri moja kutoka kwenye kikombe. Vidole vyake vikafunguka na kufumba. Huenda alikuwa anatafuta. Huenda alikuwa amechoka tu. Wanawake wawili waliutazama mkono ule, na hakuna hata mmoja wao aliyejua ni lipi.

"Imekuwaje?" Manase aliuliza kwa sauti ya chini kupitia vile vioo.

"Bado," alisema Telesia.

Aliigeukia karatasi. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Nini kilitangulia, alijaza. Alifanya nini, alijaza. Kwenye safu ya nne penseli ilisimama, kwa mazoea yake.

"Niandike nini hapa, wifi?"

"Andika jina langu," alisema Latai, macho yake yangali kwenye vidole vya mtoto. "Halafu andika: alingoja."